Karibu miaka miwili sikubeba hata ndoo: uzi wa mazoezi ya nguvu baada ya saratani ya titi

#1 Bi_Raskazone

Habari zenu ndugu zangu. Uzi huu nitauandika polepole na kuuongezea kila nikipata nafasi. Nawaandikia wanawake waliomaliza matibabu ya saratani ya titi, pamoja na ndugu wanaowauguza. Mimi nilikaa karibu miaka miwili nikingoja nguvu zirudi zenyewe. Hazikurudi. Zilianza kurudi siku nilipoanza kunyanyua vitu, tena kwa mkono uleule niliokatazwa.

Niko Tanga, nina miaka 46. Nilitolewa titi la kushoto pamoja na tezi 14 za kwapani. Baada ya hapo nikapata kemo nane, yaani dripu za dawa kali za saratani: nne za ile dawa nyekundu, nne za ile inayotia ganzi vidoleni. Kisha mionzi Dar es Salaam, nimepanga chumba kwa ndugu, na sasa niko kwenye tamoksifeni, kidonge cha kuzuia homoni, kila siku.

Uchovu wenyewe naomba niueleze, kwa sababu asiyeupata huufananisha na usingizi. Usingizi ukilala unaisha. Huu unalala muda wa saa tisa, unaamka kama uliyepigwa. Nilikuwa nikikuna kipande kimoja cha nazi, cha pili simalizi. Kuvaa dera nakaa kitandani kwanza. Daladala nilikuwa naiogopa kwa ajili ya ile ngazi ya kwanza tu, mguu unapanda lakini mwili haufuati, mpaka konda anishike mkono. Nilikuwa nalia bafuni ili watoto wasinione, maana ripoti zilikuwa nzuri, kila mtu ananipongeza nimepona, na mimi sijiwezi.

Nyumbani nilikuwa nadekezwa kwa upendo mkubwa. Wifi yangu alihamia kwetu akaniambia, "Wifi, wewe umepitia makubwa, kaa." Ndoo akazificha. Ufagio akauchukua. Na kwenye kliniki niliyopitia baada ya upasuaji nilikuwa nimeambiwa mkono wa kushoto usinyanyulie kitu kinachozidi kilo mbili, maisha yangu yote, la sivyo utavimba. Nikalitunza neno hilo kama amana. Mkono ukawa wa kubebea simu.

Aliyenitoa hapo ni kijana mmoja wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, umri wa mwanangu wa kwanza. Nilikwenda kwake kwa ajili ya bega lililokuwa halipandi. Kabla hajagusa bega akaniweka kwenye kiti cha kawaida, mikono nimeikunja kifuani, akasema, "Mama, simama ukae, simama ukae, mimi nahesabu nusu dakika." Nikasimama mara sita. Ya saba nikabaki katikati, nikaanguka kitini. Akaniambia kuna jedwali la Marekani la kupima wazee wasianguke ovyo, na mwanamke wa miaka 60 hadi 64 akipungua mara 12 huhesabiwa yuko chini ya wastani. Mimi nilikuwa na 46 na nimepata sita.

Halafu akasema neno ambalo sijalisahau: "Mama, saratani imetoka, lakini imeondoka na mapaja yako."

Alinieleza hivi, na naomba tulielewe vizuri. Kama uwezo wako wote ni kubeba kilo kumi, ndoo ya kilo kumi ni uwezo wako wote. Ukiibeba umemaliza siku. Uwezo ukifika kilo thelathini, ndoo ni ileile lakini imekuwa theluthi tu, unabaki na akiba ya kupika na kuongea na watu. Wagonjwa wa saratani ya titi misuli inapotea kwa sababu nyingi kwa pamoja: kulala sana, kukosa hamu ya kula, zile dawa za kuzuia kutapika na mzio zenye steroidi ambazo hula hasa misuli ya mapaja, hedhi kukatika ghafla. Mtu akichoka anapumzika, akipumzika misuli inapungua, ikipungua kazi ndogo inamchosha zaidi, anapumzika zaidi. Nilikuwa nimo humo karibu miaka miwili, na kila aliyenipenda alinisukuma ndani zaidi.

Tulichoanza nacho hakikuwa na chuma hata kimoja. Kusimama na kukaa kwenye kiti mara nane, napumzika, tena nane. Kusukuma ukuta kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia kabati lisianguke. Kuinua visigino nimeshika fremu ya mlango. Kuvuta utepe wa tyubu ya baiskeli uliofungwa kwenye nondo ya dirisha, viwiko vikirudi nyuma. Na mwisho kutembea uani nimebeba chupa ya maji ya nusu lita kila mkono, yaani nusu kilo. Jumatatu na Alhamisi tu. Siku nyingine natembea mpaka ufukweni na kurudi.

Wiki mbili za kwanza nilichoka zaidi, sitawaficha. Mapaja yaliuma. Lakini yalikuwa maumivu ninayoyajua, ya mtu aliyelima, si ule uchovu wa kutojulikana umetoka wapi. Wiki ya tano hivi nikagundua nimesimama jikoni mpaka wali umeiva na sijatafuta kigoda.

Nitaendelea. Umeme unakatika katika.

---

#2 Mchaichai

Nafuatilia dada. Mdogo wangu kamaliza mionzi wiki iliyopita, yuko hivyohivyo unavyosema.

---

#3 Msafiri_wa_Mkwaja

Bi Raskazone, pole sana na hongera. Lakini naomba tuwe waangalifu, hapa wanasoma watu wengi. Mama yangu mdogo alitolewa titi, akakaa vizuri mwaka mzima. Ikaja shughuli ya harusi ya mwanawe, akaingia jikoni, akateremsha masufuria ya pilau siku mbili. Baada ya wiki mkono umevimba kuanzia kiganja mpaka bega, na hadi leo haujarudi sawa. Bangili zake tulizikata. Sasa mtu akisoma hapa akaanza kunyanyua, nani atabeba lawama? Sikatai maelezo yako, nauliza kwa uchungu.

---

#4 Fizio_wa_Ziwa

Naomba nimjibu Msafiri, kwa sababu swali lake ndilo swali kubwa katika mada hii. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na wagonjwa wa aina hii nawaona kila wiki.

Kwanza pole kwa mama mdogo. Kilichompata ni kweli na kinatokea. Tezi za kwapani ni kama mitaro ya kupitishia majimaji ya mkono. Zikitolewa au zikichomwa na mionzi, mitaro inabaki michache. Majimaji yakizidi uwezo wa mitaro iliyobaki, mkono unavimba, na hiyo ndiyo limfedema. Ni kwa sababu hiyo madaktari kwa miaka mingi waliwaambia wanawake wasinyanyue kitu. Ilionekana ni busara. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuwa ameipima.

Miongoni mwa wa mwanzo kuitilia shaka hadharani alikuwa Don McKenzie, daktari wa michezo wa Chuo Kikuu cha British Columbia huko Vancouver, Kanada. Mwaka 1996 aliwachukua wanawake 24 waliotibiwa saratani ya titi, akawafanyisha mazoezi ya nguvu, halafu akawatia kwenye mtumbwi mrefu wa Kichina wa kupiga makasia. Kupiga makasia, ndugu zangu, mkono na bega tangu mwanzo hadi mwisho! Hakuna hata mmoja aliyepata uvimbe mpya wa mkono. Leo timu za namna hiyo zipo nchi nyingi duniani.

Lakini wanawake 24 hawatoshi kubadilisha utaratibu wa hospitali. Kazi kubwa ilifanywa na Kathryn Schmitz na wenzake katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Walichukua wanawake 141 ambao tayari mkono ulikuwa umevimba. Nusu wakanyanyua vyuma mara mbili kwa wiki kwa mwaka mzima, nusu wakaendelea na maisha yao. Matokeo yalitoka 2009. Mikono ya walionyanyua haikuvimba zaidi kuliko ya wenzao, na vipindi vya uvimbe kuchachamaa viliwapata asilimia 14 ya walionyanyua, dhidi ya asilimia 29 ya wasionyanyua. Yaani nusu. Mwaka 2010 wakatoa matokeo ya wanawake 154 ambao mkono ulikuwa haujavimba bado. Uvimbe uliwapata asilimia 11 ya walionyanyua na asilimia 17 ya wasionyanyua. Kwa waliotolewa tezi tano au zaidi, kama Bi Raskazone mwenye 14, ilikuwa asilimia 7 kwa 22.

Sasa rudi kwa mama mdogo. Mwaka mzima mkono haujabeba kitu, halafu siku mbili za masufuria ya shughuli, moto, joto, bila kulala. Mkono uliozoea kilo moja ukapewa kilo ishirini kwa saa arobaini na nane. Wale wanawake wa Pennsylvania hawakuanza hivyo. Walianza bila uzito au kwa uzito mdogo kabisa, wakaongeza kwa kipimo kidogo kuliko vyote vilivyopo, na kwa sharti kwamba vipindi vilivyotangulia vimepita bila dalili yoyote mkononi. Miezi mitatu ya kwanza walisimamiwa na wakufunzi waliofunzwa. Waliokuwa na uvimbe walivaa soksi ya mkono ya kubana kila wanaponyanyua. Akikosa mazoezi wiki kadhaa, anarudi chini na kupanda upya.

Kwa hiyo Msafiri, ninavyoona mimi, kukatazwa kubeba ndiko kulikomweka mama yetu hatarini siku ya harusi. Mwanamke wa kwetu hatamaliza maisha bila kubeba ndoo, mtoto, au sufuria. Siku hiyo itafika tu. Bora imkute mkono wake umeandaliwa.

Ila nisieleweke vibaya: mazoezi hayaponyi limfedema. Anayeahidi kwamba uvimbe utakwisha kwa vyuma anadanganya. Yanaufanya mkono uhimili.

---

#5 Msafiri_wa_Mkwaja

Asante sana mtaalamu. Hili la "mkono umeandaliwa" limeniingia. Nitaongea na mama mdogo, na nitatafuta fiziotherapia kwanza kabla hajagusa kitu.

---

#6 Fizio_wa_Ziwa

Umefanya vema. Yeye tayari ana uvimbe, kwa hiyo aanze na mtaalamu na soksi ya mkono iliyopimwa kwa mkono wake. Asiazime ya mtu. Ikibana vibaya inaleta madhara.

---

#7 Baba_wa_Kisauni

Assalam aleikum. Niko Mombasa. Mke wangu yuko kwa kemo hivi sasa, amemaliza ya tatu, amebakisha tano. Yeye alikuwa mwanamke wa shoka, asubuhi ashachoma mahamri ya kuuza kabla mimi sijaamka. Sasa hivi yuwalala tu. Mamake yuko hapa nyumbani na hataki ainuke hata kujitilia maji. Suali langu: haya mazoezi ni ya aliyemaliza tu, ama hata aliye katikati? Na nikimwambia inuka si nitaonekana sina huruma?

---

#8 Bi_Raskazone

Waaleikum salaam kaka. Swali lako la mwisho nitalijibu mimi, la kwanza amjibu mtaalamu.

Mume wangu naye aliogopa hivyohivyo. Usimwambie inuka. Mwambie "tusimame." Mume wangu alileta kiti chake akakiweka mbele ya changu, tukawa tunasimama na kukaa pamoja tukitazamana, anahesabu yeye. Kuna siku nilifanya mara tatu nikasema basi, na yeye akasema basi, hakunivuta. Hilo ndilo lililonifanya kesho yake nikubali tena. Na mama mkwe wako usibishane naye mbele ya mgonjwa. Mpeleke kliniki siku ya kemo, amsikie daktari mwenyewe. Wifi yangu alibadilika siku aliyosikia kwa masikio yake, na leo ndiye anayenikumbusha Jumatatu ikifika.

---

#9 Fizio_wa_Ziwa

Baba wa Kisauni, hata aliye katikati, ila kwa ruhusa ya daktari wake na kwa kutazama damu.

Kanada walilipima hili wakatoa matokeo 2007: wanawake 242 walio kwenye kemo ya saratani ya titi, kundi moja mazoezi ya nguvu, kundi moja mazoezi ya pumzi kama baiskeli na kutembea, kundi moja huduma ya kawaida. Waliofanya mazoezi ya nguvu waliongeza misuli na nguvu, na, jambo ambalo binafsi naliona kubwa kuliko yote, walipata sehemu kubwa zaidi ya dozi ya kemo waliyopangiwa kuliko waliobaki bila mazoezi.

Kwa walio kwenye mionzi, Wajerumani wa Heidelberg walifanya kitu cha akili sana, wakakitoa 2014. Wanawake 160, wiki 12, mara mbili kwa wiki. Kundi moja lilinyanyua uzito, lingine nalo lilikutana mara mbili kwa wiki kwa mkufunzi, lakini kujifunza kutulia na kulegeza mwili. Kwa nini nasema ni akili? Kwa sababu mtu angeweza kusema wanawake wanachangamka kwa kukutana na wenzao tu. Makundi yote mawili yalikutana na watu, ila walionyanyua ndio waliopungukiwa zaidi na uchovu, hasa uchovu wa mwili.

Na kama kuna anayetafuta kidonge cha uchovu huu: mwaka 2017 ulitoka uchambuzi wa tafiti 113 zenye watu zaidi ya elfu kumi na moja. Mazoezi na ushauri wa kisaikolojia viliushinda uchovu wa saratani kuliko dawa zilizojaribiwa.

Mkeo apangie siku zake. Siku mbili tatu baada ya dripu mwili uko chini, hapo atembee kutoka chumbani hadi barazani, inatosha. Siku za mwisho kabla ya dripu inayofuata ndizo za kusimama na kukaa na kusukuma ukuta. Siku ambazo asifanye: ana homa, anatapika au anahara, kizunguzungu, moyo unakwenda mbio akiwa amekaa, anatoka damu fizini au puani, au daktari amesema damu au chembe sahani (zile za kugandisha damu) ziko chini sana. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikabana, hilo si la mazoezi tena, ni hospitali siku hiyohiyo. Kama ana mrija wa dawa mkononi, mkono huo usivute wala kusukuma mpaka wamruhusu.

---

#10 Baba_wa_Kisauni

Shukran sana nyote. Jumatano twaenda kliniki, nitamchukua mamake.

---

#11 Tausi_wa_Nakuru

Hamjambo. Nimesoma uzi wote kutoka juu nikiwa nimekaa kwa gari. Mimi nilifanyiwa upasuaji 2021, umri wangu umepita hamsini na tano, niko kwa letrozoli, ile tembe ya kushusha homoni. Shida yangu si uchovu peke yake, ni viungo. Asubuhi vidole havikunji, magoti yanauma kama mwanamke wa miaka tisini. Nimefikiria hata kuacha hiyo dawa. Nikianza kubeba uzito si nitaumiza hizi goti zaidi?

---

#12 Fizio_wa_Ziwa

Mama Tausi, tafadhali usiiache kimyakimya. Mwambie daktari wako kwanza, wakati mwingine humbadilishia mtu dawa iliyo katika kundi lilelile na maumivu yakapungua.

Dawa hizo zinashusha homoni ya estrojeni karibu yote, na hapo ndipo viungo vinapouma na mifupa kupungua uzito. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2015, wanawake 121 wenye tatizo lako hasa. Nusu walifanya mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki pamoja na jumla ya dakika 150 kila wiki za kutembea kwa haraka au mfano wake, kwa mwaka mmoja. Maumivu makali yalipungua kwa karibu asilimia 29, wenzao hayakupungua. Siyo kwisha, ni kupungua. Lakini wapo wanaoweza kuendelea na dawa kwa sababu ya upungufu huo.

Kwa magoti anza na kiti kirefu, hata uweke mto juu yake. Goti linaumia ukishuka chini sana mapema. Mto ukitoka, umepanda daraja. Kiti kikiwa rahisi, nenda kwenye stuli. Kigoda ni cha mwisho, na si lazima ukifikie. Na omba upimwe uzito wa mifupa kama hujapimwa.

---

#13 Kipanga_Mweupe

Mama yangu saratani imefika kwenye mifupa ya mgongo na nyonga. Yeye je? Daktari alisema "atulie" basi.

---

#14 Fizio_wa_Ziwa

Kipanga, pole sana mwanangu. Kwake yeye usichukue chochote kutoka kwenye uzi huu ukampelekea moja kwa moja. Mfupa wenye saratani unaweza kuvunjika kwa kuinama au kujipinda. Wapo wagonjwa wa namna hiyo wanaofanya mazoezi ya nguvu, lakini sehemu zilizo mbali na mfupa ulioathirika, baada ya picha kuangaliwa, na mtaalamu akiwa pembeni. Muulize daktari swali hili kwa maneno haya: "Ni mifupa gani isibebe uzito, na ipi inaweza?" Na akipata maumivu mapya ya mgongo, ganzi miguuni au kushindwa kuzuia mkojo, usisubiri kesho.

---

#15 Kipanga_Mweupe

Nimeyaandika. Asante shangazi.

---

#16 Mchaichai

Dada Raskazone rudi, tunakusubiri. Mdogo wangu anauliza ulianza lini tangu mshono upone, na jimu unalipa kiasi gani?

---

#17 Bi_Raskazone

Nimerudi. Jimu silipi, sijawahi kuingia. Kwa mshono, kila mmoja afuate aliyemshona. Mimi nilianza nimeshapona muda mrefu. Bega ndilo linalotangulia: kutambaza vidole ukutani kupanda juu kidogo kidogo kila siku, kwa ruhusa yao. Na kama kwapani anahisi kitu kama uzi wa gitaa umevutwa mpaka kwenye kiwiko akinyoosha mkono, asiogope, asilazimishe pia, amwonyeshe fiziotherapia. Mimi nilikuwa nacho, nikadhani ugonjwa umerudi, sikulala usiku mzima. Ni kamba zinazojitokeza baada ya tezi kutolewa na hulegea.

Vifaa vyangu ni hivi. Chupa za nusu lita nilizitumia mpaka zikawa nyepesi, nikazimwaga maji na kujaza mchanga mkavu wa pwani, zikasogea karibu na robo tatu ya kilo. Halafu chupa za lita moja na nusu, sikujaza zote, nikawa naongeza maji kwa alama niliyochora kwa kalamu. Hii naipenda kuliko vyuma, kwa sababu chuma kinaruka kutoka kilo moja hadi mbili, lakini maji unaongeza kikombe kimoja tu. Kisha kidumu cha lita tano kwa mkono wa kulia, baadaye wa kushoto.

Kipimo changu cha ugumu alinifundisha yule kijana: kumi ni huwezi tena hata mara moja, sifuri umekaa. Mimi nifanye kwenye tano au sita, nimalize nikiwa na uhakika ningeweza nyingine tatu. Sasa nafanya seti mbili za marudio kumi na mbili mpaka kumi na tano. Nikifika kumi na tano bila taabu vipindi viwili mfululizo, na mkono uko sawa, ndipo naongeza.

Kujua mkono uko sawa sikisii. Kila Jumapili napima kwa futi ya fundi cherehani: kiganjani, juu ya kifundo cha mkono, na sentimita kumi juu ya kiwiko, mikono yote miwili, naandika kwenye daftari. Tofauti ikifika sentimita mbili kuliko ilivyokuwa, au mkono ukiwa mzito, au pete ikabana, nasimama na kwenda kuonyesha. Ukiwa mwekundu na moto na mwili una homa, hayo ni maambukizi, siku hiyohiyo hospitali kwa dawa.

Chakula: misuli haijengwi kwa uji mtupu. Wifi alikuwa ananipikia uji wa lishe asubuhi na jioni, nikamwomba aongeze dagaa mchana, maharage, yai kila siku tunapoweza. Samaki kwetu si shida.

Sasa namba. Siku ya kwanza kusimama kitini mara 6. Baada ya wiki 12, mara 13. Mwezi wa sita, 16. Mkono wa kushoto ulikuwa umezidi wa kulia kwa nusu sentimita, na mpaka leo ni nusu sentimita. Ganzi ya vidole vya miguu bado ipo, mazoezi hayajaiondoa, kwa hiyo nasimama karibu na ukuta na sivai ndala ninaponyanyua. Joto la ghafla la tamoksifeni nalo lipo palepale. Uchovu haujaisha wote. Lakini sasa unakuja jioni kama kwa watu wengine, siamki nao.

Na ndoo. Nilichota ya lita kumi bombani uani, nikaibeba nusu njia kwa mkono wa kulia, nikaitua, nikahamisha kushoto, nikaifikisha bafuni. Wifi alikuwa mlangoni ameshika mdomo. Hakuniambia niiache.

---

#18 Mchaichai

Nimelia hapa kazini. Nampigia mdogo wangu saa hii.

---

#19 Bi_Raskazone

Naongeza jambo nililosahau, kwa sababu limenipata mwezi uliopita. Niliugua malaria, nikakaa wiki mbili na siku tatu bila kufanya kitu. Nilipopona nilitaka kuendelea pale nilipoachia, kidumu cha lita tano. Nikakumbuka alichonifundisha yule kijana, sawa na alichoandika Fizio hapo juu. Nikarudi chupa za lita moja na nusu, nusu ujazo. Nilijisikia vibaya, kama nimepoteza yote. Wiki ya tatu nilikuwa nimeshakifikia kidumu tena. Kurudi ni kwepesi kuliko kuanza, mwili una kumbukumbu. Kwa hiyo ukiugua, ukisafiri, ukifiwa, usiogope, ila usirudi kwa pupa.

Baba wa Kisauni, kliniki ilikuwaje?

---

#20 Baba_wa_Kisauni

Daktari aliiangalia damu yake, akasema aanze, polepole, asubuhi. Mamake aliuliza masuali kushinda mimi. Sasa viti viko vitatu barazani, cha mke wangu, changu na cha mamake. Jana mke wangu alifika mara saba, mamake tisa. Kemo ya nne ni Jumanne, kwa hivyo tutapumzika mpaka Ijumaa tuone mwili umeamkaje.